Jinsi ya kudizaini na kuchagua reli za njia ya treni: mwongozo kamili toka Tabora, anza na gurudumu achana na katalogi

Hapa Tabora kila mtu ni injinia wa reli. Kaa stesheni siku ya treni ya Kigoma utamsikia muuza karanga anasema reli za zamani ni nyembamba ndo maana treni inajikokota, bodaboda naye anadakia kwamba za SGR ni nene kama paja la mtu, na wote wawili wana nusu ya ukweli. Mji wenyewe umezaliwa na reli, Wajerumani walifikisha njia hapa 1912 wakaimaliza Kigoma 1914, halafu 1928 ikachepuka kwenda Mwanza, kwahiyo tuna njia panda ya reli, tuna chuo cha reli, na sasa hivi tuna tuta la SGR linapita pembeni. Ukitembea na tepu mkononi unaweza kupima vizazi vitatu vya reli kabla ya saa ya chai.

Swali ninaloulizwa kila mara na vijana wanaotoka kusoma, na hata na watu wazima wenye maghala wanaotaka njia ya kushushia mzigo, ni "kaka, reli ya kilo ngapi inafaa?" Nawajibu hilo ni swali la mwisho. Reli unaitafuta kuanzia juu, kwenye gurudumu, unashuka kichwani, unafika kwenye taruma (yale magogo ya mbao, chuma au zege yanayolala chini ya reli), kokoto, mpaka udongo, halafu ndo unarudi kwenye katalogi kuchukua saizi. Ukianza na kilo utanunua chuma kizito ukilaze juu ya matope, na kitavunjika vilevile.

Basi twende, kaeni na kalkuleta.

Kwanza ijue reli yenyewe

Ikate reli utaona ina sehemu tatu. Juu kichwa, katikati kiuno, chini unyayo. Kichwa kinabeba gurudumu na kinalika taratibu, kwahiyo kinawekewa nyama ya ziada ya kuliwa. Kiuno kazi yake ni kukitenganisha kichwa na unyayo, na hapo ndipo siri ilipo, maana kadiri chuma kinavyokaa mbali na katikati ndivyo reli inavyokataa kupinda. Unyayo unakaa kwenye taruma, lazima uwe mpana ili reli isianguke ubavu na mzigo usambae.

Chukua reli mbili za kiwango cha Ulaya ujionee. 54E1 ina kilo 54.77 kwa mita na kimo cha milimita 159. 60E1, ambayo ndo familia ya hizi za kilo 60 za SGR yetu, ina kilo 60.21 na kimo cha milimita 172. Chuma kimeongezeka kama asilimia 10 tu, lakini ugumu wa kupinda, ile momenti ya inesha, umetoka sentimita 2338 za kipeo cha nne mpaka 3038, asilimia 30 nzima. Hela ya chuma cha asilimia 10 inakupa ugumu wa asilimia 30, ndo maana dunia nzima imekimbilia reli ndefu kimo.

Za kwetu za zamani zinaitwa kwa ratili kwa yadi. Kubadili, zidisha kwa 0.496. Reli ya ratili 56 ni kama kilo 27.8 kwa mita, ya 60 ni 29.8, ya 80 ni 39.7. Mzee akikwambia "hii ni eiti paundi" anamaanisha hiyo ya mwisho.

Hatua ya 1: andika mzigo kwenye karatasi

Unahitaji vitu vinne: uzito wa ekseli iliyo nzito kuliko zote zitakazopita, spidi, kipenyo cha gurudumu, na jumla ya tani zitakazopita kwa mwaka. Watu wengi wanaandika uzito wa behewa wanasahau kichwa cha treni, wakati mara nyingi kichwa ndo kizito. Saidingi (kijinjia cha pembeni) ya ghala behewa likiingia tupu na kutoka tupu haijalishi, lile lililojaa sementi litaingia siku moja na hiyo siku moja ndo unadizaini.

Uzito wa ekseli gawa kwa mbili unapata gurudumu. SGR yetu imedizainiwa kwa ekseli ya tani 35, kwahiyo gurudumu moja ni tani 17.5, sawa na kilonyutoni 171.7. Huo ni mzigo uliosimama. Treni ikitembea gurudumu linaruka, linapiga viungo, mzigo unakua. Fomula rahisi ya Wamarekani inasema ongeza 5.21 mara spidi kwa kilomita gawa kwa kipenyo cha gurudumu kwa milimita. Treni ya mzigo ya spidi 120, gurudumu la 915: 5.21 × 120 ÷ 915 = 0.683. Kwahiyo zidisha kwa 1.683, unapata kilonyutoni 289. Yaani gurudumu la tani 17 na nusu linaipiga reli kama tani 29 na kidogo. Hii namba tuishike, tutaitumia mpaka mwisho.

Hatua ya 2: kanuni ya haraka, halafu usiiamini sana

Mainjinia wa India wana kanuni ya zamani inayopenda kunukuliwa huku kwetu: kilo za ekseli zisizidi mara 510 ya kilo za reli kwa mita. Ijaribu. Ratili 56, kilo 27.8 × 510 = tani 14.2. Ratili 80, kilo 39.7 × 510 = tani 20.2. Inatoa picha nzuri tu kwa njia za zamani za geji (nafasi kati ya reli mbili) ya mita moja. Sasa weka kilo 60.21, inakupa tani 30.7. Na SGR ni 35! Je, wamekosea? Hapana. Kanuni ilizaliwa enzi za chuma laini, taruma za mbao na viungo kila baada ya mita kadhaa, sasa hivi kuna chuma kigumu, taruma za zege kila milimita 600 hivi, kokoto nene na reli zilizochomelewa zikawa kitu kimoja. Kanuni ya haraka tumia kukataa upuuzi, mfano mtu anataka kupitisha ekseli ya tani 20 kwenye ratili 56, hapo huhitaji kalkuleta, mwambie arudi nyumbani.

Hatua ya 3: hesabu reli kama boriti iliyolala kwenye godoro

Hapa ndo moyo wa kazi, na hapa ndo wengi wanaruka. Reli ni boriti ndefu iliyolala kwenye godoro, godoro ni taruma na kokoto na udongo kwa pamoja. Ugumu wa godoro unaitwa moduli ya njia, tuiite k. Njia nzuri ya taruma za zege na kokoto safi k ni kama 30 (nyutoni kwa milimita ya urefu kwa kila milimita ya kuzama), njia iliyochoka yenye matope inaweza kushuka hadi 10.

Fuata hivi:

Zidisha E ya chuma (ukaidi wake wa kuvutika), 210000, kwa momenti ya inesha ya reli kwa milimita (ile ya sentimita zidisha kwa 10000). Kwa 60E1 ni 30383000. Zidisha tena kwa 4. Inakuja kama 25520000000000, usiogope masifuri.

Gawa k kwa hiyo namba, halafu bonyeza kipeuo cha pili mara mbili. Kwa k ya 30 unapata 0.001041. Hii tuiite beta.

Momenti ya kupinda chini ya gurudumu ni mzigo gawa kwa beta mara nne: 289000 ÷ 0.004165 = milioni 69.4, yaani kilonyutoni-mita 69.4.

Gawa kwa moduli ya umbo ya unyayo (ipo kwenye katalogi), kwa 60E1 ni 375500: mkazo, yaani nguvu kwa kila milimita ya mraba, ni megapaskali 185.

Mkazo huo ni wa gurudumu likiwa peke yake, na gurudumu halitembei peke yake. Bogi ya mzigo (ile fremu ya ekseli mbili chini ya behewa) ekseli ya pili iko mita 1.8 hivi, na kwa bahati nzuri gurudumu la jirani linaiinua reli kidogo hapo chini ya la kwanza (ndio, linainua, reli inajinyanyua mbele na nyuma ya gurudumu kama mkeka ukiukanyaga). Kwa namba zetu linapunguza momenti kama asilimia 19, mkazo unabaki 149. Sasa umepata namba ya kweli.

Halafu fanya zoezi hili ambalo huwa nawalazimisha vijana wote: rudia kila kitu ila k weka 10. Beta inakuwa 0.000791, momenti ya gurudumu moja inapanda mpaka 91.3, mkazo 243, na ukihesabu jirani unabaki 194. Reli ileile, treni ileile! Na kuzama, ambako ni mzigo mara beta gawa kwa k mara mbili, kumetoka milimita 5 mpaka zaidi ya 11. Mimi mkazo wa kupinda peke yake sipendi uvuke 170 hivi, kwahiyo reli iliyofaulu kwenye kokoto safi imefeli kwenye matope, na hujabadilisha hata bolti.

Ndo maana ukitoka hapa kwenda Kigoma ukafika maeneo ya mto Malagarasi na yale mabwawa yake, usidanganyike kwamba dawa ni reli nzito. Dawa ni mitaro, tuta, na kokoto, reli nzito inasaidia lakini ni ya pili kwenye foleni.

Kabla ya kuhama hapo, hesabu pia taruma moja inabeba nini: mzigo mara beta mara nafasi ya taruma gawa kwa mbili. 289 × 0.001041 × 600 ÷ 2 = kilonyutoni 90, kama theluthi ya gurudumu. Ukiwa na taruma moja imeoza katikati, jirani zake wawili wanagawana hiyo theluthi na reli inapinda kwenye nafasi ya mita 1.2 badala ya sentimita 60. Hapo sasa boriti yako imerefuka mara mbili.

Hatua ya 4: chagua chuma

Kilo umeshazipata, sasa chuma gani. Kwenye kiwango cha EN 13674 majina yanajieleza, namba ni ugumu wa Brineli. R200 ni laini, nguvu ya kuvutwa megapaskali 680. R260 ndo ya kawaida ya njia kuu, ugumu 260 hadi 300, nguvu 880 kwenda juu, kaboni asilimia 0.62 hadi 0.80 na manganizi 0.70 hadi 1.20. R350HT imepikwa kwa joto kichwani, ugumu 350 hadi 390, nguvu 1175.

Kijana akiona 880 anafurahi, anasema mkazo wangu 149 nipo salama mara sita. Taratibu. Chuma kinaanza kupinda bila kurudi karibu na nusu ya hiyo namba au zaidi kidogo. Halafu kuna mkazo wa baridi na joto unakuja hatua inayofuata. Halafu reli inazaliwa na mkazo wake toka kiwandani ilipopozwa na kunyooshwa, kiwango kinaruhusu hadi 250 kwenye unyayo. Halafu kuna uchovu, gurudumu moja haliui reli, mamilioni ya magurudumu ndo yanaua. Ukijumlisha vyote utaona ule usalama wa mara sita ulikuwa ndoto ya mchana.

Na juu kichwani kuna habari nyingine kabisa. Gurudumu linagusa reli kwenye eneo dogo kama ukucha wa kidole gumba, tani zote zile hapo, mkazo wa kugusana unapita megapaskali 1000 bila shida. Ndo maana kichwa kinapasuka vinywele, kinabonyea, kinamenyuka. Kwa hilo kilo kwa mita hazisaidii sana, kinachosaidia ni ugumu wa chuma, umbo la kichwa liendane na gurudumu, na usafi wa chuma chenyewe. Haidrojeni iliyonaswa ndani wakati wa kuyeyusha inaacha vipasuko vya ndani usivyoviona, vinakua kimyakimya miaka mpaka siku reli inakatika pah. Kwahiyo kwenye oda yako andika kikomo cha haidrojeni na upimaji wa altrasaundi kwa kila reli, ni kitu kilekile cha mama mjamzito, kinaangalia tumboni.

Chuma kigumu sana kila mahali nacho usitake. Bei juu, kuchomelea kunahitaji fundi makini zaidi, na kwenye njia iliyonyooka yenye treni chache utakuwa umevaa suti kwenda shamba.

Hatua ya 5: joto, adui wa Tabora

Oktoba hapa kabla mvua hazijashika jua linachoma mpaka miembe inaomba maji. Hewa ikiwa nyuzi 33 reli yenyewe inaweza kuwa zaidi kwa nyuzi 20 hivi, ukiweka kiganja unatoa fasta. Usiku wa Julai nao baridi kweli, 14 au 15. Tuweke na akiba kidogo, tuchukue reli inatembea kati ya 14 na 56, nyuzi 42 kila mwaka.

Chuma kinarefuka sehemu 0.0000115 kwa kila nyuzi. Reli ya mita 12 kwa nyuzi 40 inarefuka milimita 5 na nusu, ndo maana njia ya zamani inaachiwa nafasi kwenye viungo na ndo ile tatata-tatata inayokulaza usingizi kwenye behewa la tatu. Nafasi unaihesabu kwa joto la reli siku ya kulaza, sio ya hewa, na sio "weka upana wa sarafu" kama nilivyowahi kuona. Ukilaza mchana wa jua kali ukaacha nafasi kubwa, Julai usiku bolti zinakatwa. Ukilaza asubuhi ya baridi ukazibana, Oktoba reli inajikunja kama nyoka.

Sasa reli iliyochomelewa mfululizo haina pa kurefukia. Kilomita moja ingekuwa huru kwa nyuzi 40 ingerefuka karibu nusu mita! Kwa vile imeshikwa na klipu, taruma na kokoto hairefuki, badala yake inajaa msukumo ndani. Kila nyuzi moja ni megapaskali 2.4 hivi. Kwahiyo unachagua joto la kufungia, lile ambalo reli haisukumi wala haivuti. Kati ya 14 na 56 nusu yake ni 35, unapandisha kidogo, weka 38, kwa sababu kujikunja kunaangusha treni nzima wakati kukatika kwa baridi mara nyingi kunagundulika mapema. Ukifunga kwa 38:

Siku ya 56, tofauti 18, msukumo megapaskali 43, kwenye eneo la 60E1 la milimita za mraba 7670 ni kilonyutoni 333. Tani 34 kwa reli moja, 68 kwa mbili, zinasubiri tu pahali pa kutokea.

Usiku wa 14, tofauti 24, mvuto megapaskali 58. Jumlisha na 149 yetu ya kupinda, unyayo uko 207.

Kinachozuia hizo tani 68 zisitoke pembeni ni taruma nzito na bega la kokoto nje ya ncha za taruma. Sentimita 30 hadi 45 za bega. Watu wanachota kokoto pembeni mwa reli kujengea msingi wa choo wanaona ni mawe tu, kumbe wamechota breki ya reli. Tena na magengi wakifukua kokoto kwa ajili ya matengenezo wasifanye saa saba mchana, wafanye reli ikiwa imepoa.

Hatua ya 6: kona

Kwenye kona reli ya nje inainuliwa, hiyo kanti. Kwa geji ya mita moja ni 8.35 mara spidi mara spidi gawa kwa nusu kipenyo cha kona. Spidi 50, kona ya mita 300, inakuja kama milimita 70. Kwa geji ya 1435 badala ya 8.35 weka 11.8. Usiweke kanti yote ya hesabu kama kuna treni za polepole, zitalalia reli ya ndani na kuiponda kichwa, mimi kwa kona hiyo ningeweka 50 nikaacha upungufu kidogo.

Reli ya nje ya kona kali inaliwa ubavu na ulimi wa gurudumu. Hapo ndo pa kuweka R350HT, wengi wanaanzia kona za chini ya mita 700 hivi, na mafuta ya kulainisha upande wa ndani wa hiyo reli. Reli yenyewe inalazwa ikiinama kidogo kuelekea ndani, 1 kwa 20 au 1 kwa 40, ifuate mteremko wa gurudumu, na mwinamo huo unatoka kwenye taruma au kwenye sahani, usijaribu kuupata kwa kugonga kabari.

Hatua ya 7: viungo, na kisa cha saidingi

Kuna ghala moja, jina la mwenyewe tuliache, miaka kadhaa nyuma walitaka saidingi fupi ya kushushia sementi. Wakapata reli za mtumba bei ya kutupa, nusu ratili 80, nusu ratili 60, hakuna aliyepima. Mimi niliitwa kazi ikiwa imefika katikati, na nakiri niliona nikanyamaza siku mbili nzima kwa kuwa niliyeletwa naye alikuwa mkubwa kwangu na alishasema "chuma ni chuma". Pale saizi mbili zilipokutana tofauti ya kimo ilikaribia sentimita mbili, wakainua ya chini kwa vipande vya mbao, wakafunga fishipleti (bamba la chuma linaloshikanisha ncha mbili za reli) ya ratili 60 pande zote na bolti mbili badala ya nne. Behewa la kwanza lilipita, la pili likapita, la tatu fishipleti ikakatika katikati kama biskuti na behewa likakaa chini na mifuko yake. Hakuna aliyeumia, ila sementi ile ililiwa na mvua ya Desemba.

Ilitakiwa nini? Kwanza kupanga reli za saizi moja mwanzo wa njia, kulia na kushoto, nyingine mwisho wa njia, zikutane sehemu moja tu. Hapo zikutanapo iwekwe fishipleti maalum ya saizi mbili, au kipande cha reli kilichochomelewa kiwandani kinachoanza saizi moja na kuisha nyingine, ili nyuso za juu na za ndani zilingane. Taruma zisogezwe karibu kwenye kiungo. Bolti zote. Na kiungo kiwe kwenye mnyooko, mbali na swichi (pale njia zinapogawanyika) na daraja.

Kiungo ni sehemu dhaifu kuliko zote, gurudumu linapiga, kokoto inasagika, taruma inapiga pampu ya matope, k inashuka, rudi hatua ya 3 uone kinachofuata. Ukiweza chomelea. Kiwandani au kwenye depo wanatumia umeme, njiani wanatumia thamiti, ile ya kumimina chuma kilichoyeyuka kwenye kalibu. Thamiti inataka ncha zikatwe kwa msumeno sio kwa gesi, nafasi sahihi, kupasha moto kabla, na subira ya kuacha ipoe kabla ya treni. Subira ndo inakosekana.

Hatua ya 8: kutu na umeme, haraka haraka

Njia ya Kigoma inapita Uvinza kwenye chumvi, na mabehewa ya chumvi yanamwaga. Chumvi na maji vinakula unyayo chini ya klipu mahali usipopaona. Vyoo vya mabehewa ya zamani navyo vinamwaga palepale stesheni, msicheke, mkojo unakula reli. Sehemu hizo ongeza posho ya kutu kwenye unene, paka rangi ya kuzuia, na panga kufungua klipu kukagua.

SGR inatumia umeme wa kilovolti 25, na umeme ule unarudi kwa kupitia reli. Kwahiyo reli pia ni waya. Zile mpira za chini ya reli na vipande vya plastiki kwenye klipu ni vya kuzuia umeme usitoroke ardhini, pamoja na kulainisha kishindo, fundi akizipoteza asiweke kipande cha tairi.

Hatua ya 9: kupokea mzigo

Reli zimefika, usisaini karatasi kwanza. Soma kiuno. Upande mmoja kuna maandishi yaliyotokeza ya kiwanda, mwaka, umbo la reli na vistari vya daraja la chuma, upande mwingine namba ya mpiko (lile pishi la chuma lililotoa reli hiyo) iliyogongwa. Linganisha na cheti namba kwa namba. Isiyo na namba haina baba, iweke kando.

Pima kimo, upana wa kichwa na wa unyayo kwa vernia sehemu tatu, mwanzo, katikati, mwisho. Kwa reli mpya tofauti inatakiwa iwe chini ya milimita moja. Kwa mtumba ni lazima upime kila moja, andika kimo kilichobaki, na momenti ya inesha uipunguze kwa kilicholiwa kabla ya kurudia hesabu, usitumie ya katalogi. Weka rula ya mita moja na nusu juu ya kichwa kuelekea ncha, angalia mwanga chini yake, ncha iliyoinama ni kiungo kibovu hata kabla hujakifunga.

Kushusha nako kunavunja reli. Usiviringishe toka juu ya gari, chuma cha kaboni nyingi hakipendi kudondoshwa kwenye jiwe, mchubuko mdogo kwenye unyayo ndo mwanzo wa ufa. Inua kwa kushika sehemu mbili au zaidi ili isining'inie kama mkufu, panga unyayo chini, mbao zinazolingana kila mita chache na za tabaka la juu zikae juu ya za chini. Gesi ya kukatia isikaribie, mashimo ya bolti yatobolewe kwa drili, na kingo za shimo ukishatoboa zipigwe tupa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa.